Tembo wa Dhahabu wa Tabora

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya mawili: SARAFU. THAMANI. Darasa lisome kwa sauti. (Kimya kidogo.) Vema.

Mtu akichimba shimo la mkorosho, pengine jembe hugonga kitu. Kumbe ni sarafu ya zamani, ya manjano! Je, ni dhahabu? Mpita njia atasema, "Shaba tu hiyo, nitakupa bei ya soda." Na mjanja mwingine atakuuzia shaba kwa bei ya dhahabu. Basi sikilizeni.

Vita vilipoanza mwaka 1914, nchi hii ilikuwa chini ya Wajerumani. Manowari za Waingereza zilifunga bahari, fedha mpya hazikufika kutoka Ujerumani. Serikali ikachapa noti, lakini watu wengi hawakuziamini. Mwaka 1916 sarafu zikapigwa hapa hapa nchini, katika karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora.

Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Singida. Zilipigwa sarafu 16,198 tu, kila moja rupia 15. Upande mmoja ana tai. Upande wa pili yuko tembo ameinua mkonga, na nyuma yake mlima. Chini kuna herufi T, maana yake Tabora. Uzito wake ni gramu 7 na kitu. Robo tatu yake ni dhahabu. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora, na vita vikazidi kusogea kusini. Oktoba 1917 vilifika Mahiwa, upande wa Lindi.

Sasa angalieni hapa, maana ndipo wengi hukosea. Karakana ile ile ilipiga pia sarafu za heleri 20, na nyingi ni za shaba ya manjano, nyingine zikitokana na maganda ya mizinga. Nazo zina herufi T na mwaka 1916. Lakini zina taji, hazina tembo, nazo ni pana kuliko ile ya dhahabu. Hizi zilipigwa nyingi sana, kwa hiyo bei yake ni ndogo.

Sarafu ya tembo ina thamani mara mbili. Ya kwanza ni ya dhahabu yenyewe, ambayo sonara huipima kwa mizani. Ya pili ni ya uchache wake, na hii ndiyo kubwa. Sonara akiiyeyusha, ya pili imekwisha. Hata kuisugua kwa mchanga au jivu ni hasara, kwa sababu wakusanyaji wa sarafu hupenda uso usiochubuliwa. (Najua, mama, mkono huwasha kutaka kung'arisha!) Wapo pia wanaotengeneza za kuigiza, basi usinunue bila kupima uzito na kuuliza watu wawili watatu.

Sarafu za masultani wa Kilwa ni habari nyingine. Hizo ni za kale mno. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Ukiokota moja, usiiuze. Peleka habari kwa mkuu wa wilaya.

Mwalimu, sasa waulize: sarafu yenye taji ni ya rupia 15 au ya heleri 20?