Jiolojia chuo kikuu ni kusomea nini hasa? (Mtu wa Rukwa usipitwe)

Leo siasa naiweka pembeni. Kuna madogo wawili watatu wananisumbua na swali lile lile: "Bro, hii jiolojia mtu anasomea nini? Ni kuchimba dhahabu?" Wapo waliomaliza fomu foo na wanataka kubadili kombi kwenye selform, na muda wa kubadili huwa haukai sana. Ndo maana nimeona niandike sasa hivi, mkae nalo.

Niseme ukweli mapema: mimi sikuisoma. Fomu foo nilipata C ya kemia na B ya jiografia, nikaenda HGL. Akilini mwangu jiografia ilikuwa somo la watu wa historia. Hakuna aliyeniambia kwamba jiografia ukiifunga na kemia au fizikia inafungua mlango mwingine kabisa. Jamaa niliyekaa naye dawati moja akachukua CBG, leo ana digrii ya jiolojia. Mimi niko hapa kwenye kompyuta ya kukodi kwa saa. Simlaumu mtu, ila mdogo wangu wewe usiingie kichwa kichwa kama mimi.

Sasa hiyo jiolojia ni nini. Ni kusoma dunia yenyewe: mawe yamepatikanaje, kwa nini mlima uko hapa na ziwa liko kule, maji ya chini ya ardhi yanapita wapi, tetemeko linatoka wapi. Mi nilikuja kuelewa siku jamaa alipokuja likizo tukapanda fuso la mahindi kutoka Ntendo kushuka Muze. Kama umeshapita ile njia unajua, kona juu ya kona, masikio yanaziba. Sumbawanga mjini tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Rukwa liko kama mita 800. Yaani unashuka karibu kilomita nzima kwa safari ya muda mfupi. Fuso lilisimama kupoza breki, jamaa akaruka chini akaanza kugusa ukuta wa mawe pembeni ya barabara. Jiwe lina mistari mistari meupe na meusi, imejikunja kama nguo iliyokamuliwa. Akasema linaitwa naisi, na kwamba liliwahi kupikwa na kukandamizwa ndani sana ya dunia, takriban miaka bilioni mbili iliyopita. Nilicheka. Nilipita pale mara ngapi nikidhani ni mawe tu!

Akaniambia zaidi. Huu ukuta tunaouita Lyamba lya Mfipa haukujengwa na mvua wala mto. Bonde la Ufa, tawi la magharibi, ndo limepita hapa. Ardhi inavutwa pande mbili, katikati panakatika na kuzama. Upande wa mashariki umezama bonde la Rukwa, upande wa magharibi limezama Ziwa Tanganyika, ambalo lina kina cha kama mita 1,470. Ufipa yetu imebaki juu katikati kama meza. Na kazi haijaisha, inaendelea polepole kuliko kucha zako zinavyoota.

Hapo ndipo kwenye jambo linaloninyima usingizi. Tarehe 13 Desemba 1910, enzi ya Mjerumani, eneo hili lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa kama 7.4. Hilo ni moja ya makubwa kabisa yaliyorekodiwa Afrika Mashariki. Kuna ufa unaitwa Kanda, unakatiza uwanda wa Ufipa jirani na Sumbawanga, kwa urefu wa zaidi ya kilomita 100, na wapo wataalamu wanaolihusisha tetemeko lile na ufa huo. Mwaka 1910 watu walikuwa wachache na nyumba nyingi za miti na nyasi. Leo mji ni manispaa, watu wamejenga tofali, maghorofa yanaota. Mtu anayejua kusoma ufa ule kwenye ardhi na kusema "hapa usiweke shule" ni mjiolojia. Tunao wangapi waliozaliwa hapa?

Msiseme hii ni kazi ya wazungu tu. Kwenye utafiti mmoja mkubwa kuhusu uwanda wa Ufipa na bonde la Rukwa uliochapishwa 2012, pamoja na Wabelgiji kuna majina ya Watanzania wawili, Macheyeki na Temu. Inawezekana.

Watu wa mikoa mingine wakisikia Rukwa wanawaza mambo yale ya kurogana tu (mnajua wenyewe), kumbe wenzetu wa sayansi wanapagombania. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili, Ivuna na Galula, kutafuta mafuta, ikatoka kapa. Ivuna hiyo hiyo, iliyoko Songwe siku hizi, liliwahi kuanguka jiwe kutoka angani Desemba 1938, la aina adimu mno duniani, hadi leo linatumika kulinganishia vumbi lililoletwa kutoka kwenye sayari ndogo ya Ryugu. Mwaka 2014 lilitangazwa dinosaria likaitwa Rukwatitan, na 2017 lingine likapewa jina la Kiswahili kabisa, Shingopana. Halafu heliamu. Mawe yale ya zamani yana urani na thoriamu, ambazo zikioza taratibu zinazalisha heliamu. Gesi inakaa imefungiwa ndani ya jiwe mamilioni ya miaka, joto la Bonde la Ufa linaitoa, inapanda hadi kwenye chemchemi za maji moto. Watafiti wa Oxford na Durham walitangaza 2016, na mwanzoni mwa 2024 kisima cha Itumbula upande wa Songwe kilitoa gesi hiyo hadi juu. Inatumika kupozea mashine za MRI hospitalini, si maputo tu.

Na ninyi wa Kaoze: kama miaka elfu kumi iliyopita Ziwa Rukwa lilijaa hadi likamwaga maji Tanganyika kupitia upande wa Karema. Pale mnapolima mpunga palikuwa chini ya maji. Leo ziwa halina mto unaotoka, ndo maana maji yake yana magadi, na likipanda kidogo tu linakula mashamba, kwa sababu bonde ni tambarare.

Chuoni kunakuwaje? UDSM wanafundisha jiolojia, UDOM pia wana kozi za sayansi ya dunia na madini. Ni miaka mitatu au minne kutegemea kozi. Darasani unapambana na madini, miamba, ramani, jiofizikia, na kemia haikuachi hata kidogo. Ila shughuli yenyewe ni fildi: nyundo, dira, kioo cha kukuzia, daftari, na miguu yako. Unapewa eneo, unatembea wiki kadhaa, unarudi na ramani uliyochora mwenyewe. Jamaa anasema kuna waliolia. Mkopo wa Bodi una kipengele cha mafunzo kwa vitendo, lakini kiasi utakachopangiwa kinatofautiana, usihesabu hela kabla haijaingia. Kombi zinazokubalika angalia kitabu cha TCU cha mwaka wako, usimwamini mtu wa kijiweni, wala mimi. Cha muhimu usiitupe kemia, fizikia na hisabati ukiwa bado fomu foo.

Ajira? Siwadanganyi, si kwamba ukimaliza unaitwa Geita kesho yake. Jamaa alikaa nyumbani karibu mwaka na nusu. Sasa yuko na timu ya kupima maji ya chini ya ardhi kabla visima havijachimbwa, anasema kijiji kikikosewa kipimo hela imeenda na maji hakuna. Wengine wako GST Dodoma, wengine migodini, wengine barabara. Na makaa ya mawe yapo kwetu wenyewe, Namwele na Muze.

Saa yangu inaisha hapa. Mwenye babu au bibi aliyewahi kusimuliwa lile tetemeko la 1910, ardhi ilipasuka wapi, mto gani ulihama, aandike hapo chini na jina la kijiji. Jamaa amesema akirudi Desemba tutaenda kuangalia.