Barabara nne za baiskeli Bujumbura: riziki, raha na hatari zake

TANGU Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mnamo Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, mazungumzo ya baiskeli yamekuwa mengi hata kwetu Burundi. Watu walitazama wazungu wakitweta kwenye vilima vya jirani zetu wakashangaa. Lakini mkaaji wa Bujumbura hana haja ya kwenda mbali. Kila alfajiri vijana wetu hushuka milimani na mikungu ya ndizi, bila jezi, bila kofia ya chuma, na bila mtu wa kuwapigia makofi.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilisomea ukimbizini, katika makazi ya Mishamo nchini Tanzania, na nilirudi nyumbani mwaka 2008 pamoja na wenzangu waliokuwa watoto wa wakimbizi wa 1972. Kule Mishamo baiskeli ndiyo iliyompeleka mgonjwa zahanati na mahindi sokoni. Wengi wetu tuliipakia kwenye lori la kurudi pamoja na mabati na masufuria. Ndiyo maana naandika makala haya kwa ndugu waliorudi, na kwa akina mama na vijana wanaochuuza mipakani, maana njia hizi nne ninazozieleza hapa ndizo ofisi yao.

Bujumbura imekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, zaidi kidogo ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Magharibi yake mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu, hugawanyika na kumwaga maji yake ziwani. Mashariki milima inaanza pale pale jiji linapokwisha. Kwa hiyo anayepanda baiskeli ana tambarare pande tatu na ukuta upande mmoja.

Magharibi: Gatumba na Rusizi

Njia fupi na nyepesi kuliko zote ni barabara ya taifa namba 4, inayovuka daraja la Rusizi, kupita pembeni mwa mbuga ya taifa ya Rusizi na kufika Gatumba, kisha mpaka wa Kongo. Hazizidi kilomita 20 na hakuna kilima hata kimoja. Wachuuzi huitumia kupeleka mboga na matunda Uvira, na kurudi na vitenge na bidhaa za dukani.

Wepesi wake usimdanganye mtu. Aprili 2020 Rusizi ulivunja kingo zake, Gatumba ikazama na maelfu ya watu wakahama. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena, maji yakafunika barabara, ikawa lazima wengine wavushwe kwa mitumbwi. Baiskeli iliyopita kwenye maji ya namna hiyo ikaushwe na mnyororo upakwe mafuta siku hiyo hiyo, la sivyo kutu itaumaliza kabla ya mwezi kwisha.

Jambo la pili ni viboko. Giza likiingia hutoka majini kwenda malishoni na huvuka njia bila kuuliza. Asiwepo mtu wa baiskeli karibu na daraja au ufukwe kati ya magharibi na alfajiri. Jambo la tatu ni mpaka wenyewe. Desemba 2025 vita vilipofika Uvira, mpaka huu ulifungwa. Kabla ya kufunga mzigo, waulize waliotoka huko asubuhi hiyo, si waliotoka jana.

Kaskazini: tambarare ya Imbo

Barabara namba 5 inakwenda Gihanga kwenye mashamba ya mpunga, kisha Cibitoke, kama kilomita 60 kutoka mjini. Hii ndiyo napendekeza kwa anayetaka kuzoeza miguu. Ni tambarare, na vijiji vyake vilipangwa kwa mistari iliyonyooka, wenyeji wanavitaja kwa namba za njia za kukatisha, kwa hiyo mgeni hapotei.

Adui hapa ni jua na upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, hewa ya ziwani ikavuma kuelekea bara. Anayerudi mjini alasiri hukutana nayo usoni, na kwa aliyebeba gunia la mchele ni kama kupanda mlima usioonekana. Dawa yake ni kuondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuwa umegeuza kabla ya saa nne.

Kusini: Rumonge na michikichi

Kwa uzuri, barabara namba 3 haina mpinzani. Ziwa liko kulia, milima kushoto, na kwa mbali unaiona milima ya Kongo. Kama kilomita 10 tu kutoka mjini, pale Mugere, liko jiwe la kumbukumbu la Livingstone na Stanley, waliopita hapo Novemba 1871. Ukiendelea unapita Kabezi, Magara na Minago mpaka Rumonge, jumla kama kilomita 75.

Ila mlima na ziwa vimeibana barabara hii pande zote. Machi 2015, mvua kubwa iliporomosha mawe na matope Gitaza, watu wakafa na njia ikafungwa. Wakati wa masika, ukiona maji ya mfereji yamegeuka mekundu ghafla, rudi ulikotoka.

Rumonge ni nchi ya mawese, na ni nchi ya warudi. Waliokimbia 1972 walikuta mashamba yao yana watu wengine, na kesi za ardhi zimekula miaka mingi ya watu. Wapo waliogawana, wapo waliopelekwa kwenye vijiji vipya, wapo waliobaki na makaratasi tu. Hawa wa mwisho ndio unaowaona barabarani na madumu ya mawese, mabido kama tunavyoyaita hapa, yamefungwa kulia na kushoto. Asiye na shamba, baiskeli ndiyo shamba lake.

Mashariki: ukuta wa Bugarama

Sasa tufike kwenye njia inayoua. Barabara namba 1 inapanda kutoka Bujumbura hadi Bugarama, kilomita 35 hivi, na inakuinua zaidi ya mita 1,300. Juu kuna ukungu, baridi na soko la kabichi na karoti. Hapo njia inagawanyika, moja kwenda Kayanza na nyingine Gitega.

Vijana hushuka na ndizi, makaa au mboga, mzigo unaoweza kuzidi kilo 100. Darasani niliwahi kufanya hesabu hii na wanafunzi. Mzigo, mtu na baiskeli ni kilo 180. Zikishushwa mita 1,300, na ikiwa nusu tu ya nguvu hiyo itaishia kwenye breki, joto lake linatosha kuchemsha lita 3 za maji. Joto hilo lote linapita kwenye vipande vya raba visivyozidi kidole gumba. Raba hulainika, breki haishiki, na kijana anabaki na soli ya kandambili aliyoibana kwenye tairi.

Kupanda nako kuna hatari yake. Kusukuma baiskeli tupu mpaka juu ni kazi ya nusu siku. Kudandia lori ni kama saa moja. Anayedandia anaweza kufanya safari mbili kwa siku badala ya moja, na safari ya pili ndiyo karo ya mtoto. Katika miaka ya uhaba wa mafuta, magari yalipokuwa machache na nauli juu, waliodandia waliongezeka. Dereva hawaoni, lori likikata kona mkono ukiteleza hakuna wa kulaumiwa wala wa kulipa. Polisi huwakamata na kuwanyang'anya baiskeli, lakini kesho yake wapo tena, kwa sababu njaa nayo ina amri yake.

Tufanye nini?

Machi 2022 serikali iliamuru baiskeli, pikipiki na bajaji zisiingie katikati ya Bujumbura. Sababu za usalama zilitajwa, na sipingi kwamba usalama ni jambo la msingi. Lakini aliyetoka Bugarama usiku na kilo 100 alifika pembezoni mwa jiji akakuta hana pa kushushia. Amri bila kituo humfanya mchukuzi awe mkimbizi mara ya pili, safari hii ndani ya mji wake.

Maoni yangu ni haya. Kila barabara kuu inayoingia jijini iwe na uwanja wa kushushia mizigo ya baiskeli, wenye maji na kivuli. Kwenye mteremko wa Bugarama ziwepo sehemu mbili tatu za kusimama ili rimu zipoe. Barabara inapokarabatiwa, ukingo wa lami uongezwe mita moja na nusu, kwani ukingo huo ni nafuu kuliko mazishi.

Na sisi tunaonunua tuna sehemu yetu. Mchuuzi wa sokoni anayeshusha bei ya mkungu mpaka mwisho anamsukuma kijana kwenye safari ya pili, na safari ya pili inaanzia nyuma ya lori. Wewe mwenye baiskeli, weka breki mbili zinazofanya kazi, badili raba kabla chuma hakijagusa rimu, funga kiakisi mwanga nyuma ya mzigo, na kwenye mteremko simama kila unaposikia harufu ya raba kuungua. Ndizi zikichelewa kufika sokoni, zitauzwa tu.