Zawadi za Bahati katika Michezo ya Intaneti: Ipi Halali, Ipi Kamari?

Vijana wetu wengi leo hucheza michezo ya intaneti ambayo ndani yake mtu huchukua nafasi ya shujaa, akasafiri, akapigana na kupewa kazi. Kazi nyingine ni za lazima ili kisa kiendelee, na nyingine ni za hiari. Asiyezitaka huziacha na mchezo hauharibiki. Kisha ziko zawadi zinazotegemea bahati. Wazazi huuliza: je, hii ni kamari? Jibu la neno moja halitoshi, kwani ndani ya mchezo mmoja yamekusanyika mambo mawili yenye hukumu mbili.

Tuchukue mfano wa Genshin Impact, mchezo uliotolewa na kampuni ya miHoYo ya China mwezi wa Septemba 2020. Kila siku mchezaji huwekewa kazi nne ndogo za hiari, kama vile kupigana na maadui au kufikisha mzigo. Kila kazi humpatia vito 10, na akizimaliza zote nne huongezewa 20; jumla 60. Vito 160 hununua jaribio moja la bahati. Katika majaribio ya kupata mashujaa, uwezekano wa kutokea kitu cha daraja la juu kabisa ni asilimia 0.6 tu. Akikosa mfululizo, hupewa kimoja ifikapo jaribio la 90, na hata hapo huenda asiwe shujaa aliyemtaka. Majaribio 90 ni vito 14,400. Anayetegemea kazi hizo nne peke yake atahitaji siku 240. Nani mwenye subira hiyo? Hapo ndipo duka linapomngoja, kwani vito hupatikana pia kwa fedha halisi.

Ama kazi za hiari, kwa upande wa malipo hatuoni tatizo. Mtu ametenda, amepata kilichotajwa. Muamala unaofanana na huu wanazuoni huuita ju'ala, na hutoa dalili katika Suratu Yusuf, aya ya 72, ambapo shehena ya ngamia iliahidiwa kwa atakayeleta kikombe cha mfalme. Hakuna aliyelazimishwa kukitafuta, na malipo yalijulikana. (Mtoto akiacha sala kwa ajili ya vito 60, hilo ni suala jingine, wala halihitaji fiqhi ya mauziano.)

Wala bahati yenyewe si haramu. Mtume (s.a.w.) alikuwa akipiga kura baina ya wakeze alipotaka kusafiri, na mvuvi hutupa wavu wake asijue utatoka na nini. Lakini mvuvi akikuambia, "Nilipe sasa, nitatupa wavu mara moja, utakachotoka nacho ni chako," fiqhi inakataa. Wanazuoni wameitaja sura hii, na ile ya mpiga mbizi anayeuza mbizi yake kabla hajazama. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza mauziano ya gharari na mauziano ya kijiwe. Wameyafasiri haya ya pili kuwa mnunuzi hutupa kijiwe juu ya nguo, na itakayoangukiwa ndiyo yake kwa bei waliyokubaliana.

Watetezi wa michezo hii husema: "Si kamari, kwa kuwa kila jaribio hutoa kitu, hata kama ni silaha duni." Tunasema: mrusha kijiwe naye hakuondoka mikono mitupu, alipata nguo. Hata hivyo biashara ile ilikatazwa, kwa sababu alilipia asichokijua. Na katika maysir ya zama za Jahiliya ilitumika mishale 10, saba ikiwa na mafungu ya nyama ya ngamia na mitatu mitupu, na washindi walijifakhiri kwa kuwagawia maskini. Suratul-Baqara, aya ya 219, haikukanusha manufaa yaliyokuwemo, bali imeeleza kuwa dhambi imeyazidi.

Katika mchezo huu hata bei haionekani wazi. Fedha hununua fuwele, fuwele hugeuzwa vito, vito hugeuzwa tiketi ya jaribio. Mnunuzi akifika mwisho hajui tena ametoa shilingi ngapi. Jambo hili halikulalamikiwa na masheikh tu. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliushitaki upande unaoutoa mchezo huu, nao ukakubali kulipa dola milioni 20 na kutowauzia majaribio walio chini ya miaka 16 bila idhini ya mzazi. Ubelgiji ilikwishatangaza mwaka 2018 kuwa masanduku ya bahati yanayouzwa katika baadhi ya michezo ni kamari kwa sheria yake.

Limebaki suala la mchezaji asiyetoa hata senti, akajaribu bahati kwa vito alivyovichuma tu. Huyu hakuhatarisha mali, hivyo sharti la kamari halikutimia kwake. Wafuasi wa Imam Malik, wanaoipa uzito mkubwa kanuni ya kuziba njia za haramu, wanaweza kumzuia kwa kuhofia hatua inayofuata. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, hayaipanui kanuni hiyo kiasi hicho. Sisi tunaelemea kutomzuia, kwa sharti kwamba simu anayochezea haikuunganishwa na kadi ya benki wala akaunti ya fedha ya mzazi wake.