Je, Wajua? Uso wa Kijani wa Bi Amélie

Mwaka 1905 Mfaransa Henri Matisse alimchora mkewe, Amélie, kavaa kofia kubwa, akampaka kijani kwenye paji la uso na pua. Shingoni aliweka rangi ya chungwa. Picha ilipotundikwa Paris, kwenye Maonyesho ya Vuli, watu waliicheka, na mhakiki Louis Vauxcelles akawaita Matisse na wenzake wanyama wa mwituni. Jina hilo limewaganda hadi leo.

Lakini mtu mwenye uso wa kijani si ajabu katika soko la Arua. Mtazame muuza nyanya aliyeketi chini ya turubai la kijani saa sita mchana. Mwanga unaopenya humwangukia shavuni na puani ukiwa na rangi ya turubai. Humwoni wa kijani kwa sababu ubongo wako hukadiria rangi ya mwanga, kisha huiondoa. Mpige picha kwa simu (kwa ruhusa yake, tafadhali) na mara nyingi kijani kitajitokeza.

Mbona basi Amélie bado anaonekana mtu, tena mtu mwenye pua na mashavu? Siri ni kwamba ubongo husoma umbo hasa kwa kulinganisha panapong'aa na palipo na giza. Rangi hushughulikiwa zaidi kwa njia nyingine. Matisse alivuruga rangi, lakini weupe na weusi wa uso akauacha karibu na mahali pake. Ukiigeuza picha ile iwe ya rangi nyeusi na nyeupe, vurugu yote inatoweka, anabaki mama aliyevaa kofia.

Matisse alijua pia kwamba rangi hugombana. Nyekundu ikikaa kando ya kijani, zote mbili huwa kali zaidi. Muuza vitenge wa Koboko anayepanga majora yake hahitaji kufundishwa hilo. Wahakiki wa Paris, kwa maoni yangu, walihitaji.

Amélie mwenyewe alikuwa fundi wa kofia, na duka lake lilisaidia kulisha familia wakati picha za mumewe hazinunuliwi. Inasimuliwa kwamba Matisse alipoulizwa mkewe alivaa gauni la rangi gani siku ya kuchorwa, alijibu kuwa lilikuwa jeusi.

Wamarekani wawili waliokuwa wakiishi Paris, Leo Stein na dada yake Gertrude, waliinunua picha hiyo kwa faranga 500. Sasa iko katika jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la San Francisco, Marekani.