Kusafiri ku Ziwa Kivu kwa raha: mambo ya kutayarisha mbele ya kupanda boti

Mwezi wa kumi na mbili ukikaribia, na pia wakati watoto wanapomaliza masomo katika mwezi wa saba, bandari za Goma, Bukavu, Minova na Idjwi zinajaa watu. Kuna wanaokwenda ku ndoa, wanaopeleka watoto kwa koko yao, na familia zinazotafuta siku mbili tatu za kupumzika mbali na vumbi la mji. Kwa wengi, safari ya boti ndiyo likizo yenyewe: upepo, muziki, sambaza ya moto, na milima inayopita pole pole.

Lakini kila familia ya kandokando ya ziwa inajua pia upande mwingine wa safari hii. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, mjini Goma, watu wakiwa wanaitazama kutoka ufukweni. Watu wengi walikufa. Mamlaka zilisema boti ilikuwa imejaa kupita kiasi. Mwaka 2019, mwezi wa nne, ajali nyingine upande wa Kalehe ilipoteza watu wengi, na Rais Félix Tshisekedi alipofika huko aliagiza kwamba kila msafiri avae jile ya kujiokolea.

Raha na usalama si vitu viwili tofauti. Mtu aliyejitayarisha vizuri ndiye anayefurahia safari bila roho juu juu. Haya ni mambo ambayo kila msafiri anaweza kufanya yeye mwenyewe, bila kungoja mtu mwingine.

Kuchagua boti na saa ya kuondoka

Kati ya Goma na Bukavu kuna karibu kilomita mia moja za maji. Kanoti za mwendo wa mbio zinatumia masaa mawili ao matatu hivi. Boti kubwa za mizigo na watu zinatumia masaa mengi zaidi, na mara nyingi zinatembea usiku kucha. Kanoti ni bei kali lakini inafika haraka, na watu wanakaa kila mmoja ku kiti chake. Boti kubwa ni bei ya chini, na iko na nafasi ya kutembea, kula na kulala, lakini inabeba pia mizigo mingi: mihogo, bia, simenti, makala.

Kama safari ni ya raha, afadhali kuenda mchana. Mtu anaona ziwa, na kama kuna shida, watu wa mitumbwi wanaweza kuona na kuja kusaidia haraka. Asubuhi maji mara nyingi yanatulia. Mchana upepo unaongezeka. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, upepo wa kusini unavuma kwa nguvu na kuleta mawimbi. Katika miezi ya mvua, dhoruba yenye radi inaweza kushuka kutoka milimani kwa dakika chache. Wingu jeusi likionekana, hakuna haya ya kuahirisha. Ndoa itamngoja mgeni, ziwa halimngoji mtu.

Ratiba za boti zinabadilika kufuatana na hali ya usalama na maamuzi ya wakubwa. Kupiga simu ku bandari siku moja mbele kunaepusha kulala nje na watoto.

Vitu vya kuweka ndani ya mfuko

Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha karibu mita 1,460, na usiku katikati ya maji baridi inauma hata kama mchana kulikuwa jua. Koti ao kikwembe kizito ni cha lazima, zaidi kwa watoto na wazee. Mchana, jua linapiga kutoka juu na kutoka ku maji pia, kofia inasaidia.

Chakula cha kubeba kiwe chepesi: mikate, mandazi, ndizi, karanga, mayai ya kuchemsha. Maji ya kunywa yatoke nyumbani, sababu maji ya ziwa hayanywewi bila kutayarishwa. Dawa za kila siku, kama za sukari ao za tension, zikae ku mfuko wa mkono, hapana ndani ya valizi inayoshushwa chini ya mizigo.

Kadi ya elekta, falanga na simu vifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Simu iwe na batri imejaa. Katikati ya ziwa rezo inaweza kupotea, na upande wa mashariki simu inaweza kushika rezo ya Rwanda na kula inite zote bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo, ujumbe wa maana utumwe mbele ya kuondoka: jina la boti, saa ya kuondoka, na nani wako pamoja.

Ku bandari: mambo matano ya kuangalia

La kwanza ni jina ku orodha ya wasafiri. Wengi wanapita haraka, wanatoa falanga mkononi na kuruka ndani. Kisha MV Merdi kuzama, hesabu za watu waliokuwa ndani hazikupatana, na familia zilibaki zinatafuta watu wao. Jina lililoandikwa pamoja na namba ya simu ya ndugu aliyebaki nyumbani ni ulinzi. Watoto pia waandikwe, hata wale wanaobebwa mgongoni.

La pili ni tike. Aliyelipa aombe karatasi na kuitunza mpaka mwisho wa safari.

La tatu ni jile. Iwepo moja kwa kila mtu, na ndogo kwa watoto. Jile ya mtu mzima inamtoka mtoto kupitia juu ya kichwa. Mtu aivute kwa nguvu: kama kamba zinakatika ao kifungo kimevunjika, aombe nyingine. Jile ni ya kuvaliwa. Ile inayokaliwa kama mto, ao iliyofungiwa ndani ya sanduku, haitasaidia mtu dakika ile ya hatari.

La nne ni namna boti inavyokaa ndani ya maji. Mtu asiye fundi anaweza kuona hili. Kama maji yamekaribia ukingo ao madirisha, ama kama boti imeinama upande mmoja ingali imefungwa ku bandari, mizigo imepita kipimo.

La tano ni milango. Mbele ya kukaa, msafiri atazame atatokea wapi. Mizigo ikiziba njia, aseme kwa heshima: "Papa, tusaidie kusogeza magunia haya, watoto wapate njia." Matelo wengi wanasikia wakiambiwa vizuri, zaidi kama watu wengi wanasema kwa sauti moja.

Na kama mambo haya hayaeleweki, kushuka ni haki. Kupoteza bei ya tike kunauma, lakini uchungu wake unaisha.

Kwa nini boti inapinduka

Watu wengi wanafikiri boti inazama sababu ya mawimbi peke yake. Mara nyingi uzito na namna ulivyopangwa ndivyo vinavyoanza shida.

Mizigo mizito ikiwa chini kabisa, boti inasimama imara. Ikiinama, inarudi yenyewe. Lakini watu na magunia wakijaa juu, inakuwa kama mama aliyebeba ndoo kubwa ku kichwa: akiinama kidogo tu, ndoo inamvuta. Maji yakianza kuingia ndani, yanakimbilia upande ule ulioinama na kuongeza uzito palepale. Kisha hapo, mambo ni ya dakika chache.

Ndiyo maana hatari iko kubwa wakati wa kufika. Msafiri anaona bandari, anasimama, anashika mzigo wake, anasukuma kuenda upande wa kushukia. Kama watu mia moja wanafanya hivyo kwa mara moja, boti iliyojaa inaweza kulala upande. Hali ni ile ile kama wote wanakimbilia upande mmoja kupiga picha. Sheria ni rahisi: kukaa mpaka boti ifungwe, na kushuka mstari kwa mstari.

Meli kubwa za matembezi za Bulaya, zile zenye hoteli, piscine na sinema ndani, zilijifunza pia kwa machozi. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Watu 32 walikufa. Kati ya wasafiri, kulikuwa waliopanda siku ileile na ambao hawajafanya bado zoezi la kujiokoa. Tangu 2015, sheria ya kimataifa inataka zoezi hilo lifanyike mbele ya meli kuondoka ao mara tu inapoondoka. Kumbe hata tajiri anayekwenda kuogelea na kucheza dansi juu ya meli anaanza likizo yake kwa kujifunza kuvaa jile.

Sasa raha yenyewe

Mambo hayo yakiwa sawa, ziwa linatoa zawadi zake bila kulipisha.

Boti ikitoka Goma, watazame nyuma: Nyiragongo, mlima wa moto wenye mita 3,470, ule uliomwaga lava mwaka 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Usiku, wakati moto unawaka ndani ya shimo lake, mawingu juu yake yanaweza kuwa mekundu. Karibu na ufuko wa kaskazini kuna Tchegera, kisiwa chenye umbo la mwezi mwembamba, kilichozaliwa na volkano na kilicho ndani ya Hifadhi ya Virunga.

Kisha upande wa mashariki kunatokea Idjwi, kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya ziwa, chenye mashamba ya kahawa na nanasi yanayopanda mpaka juu. Mangaribi, upande wa milima ya Kalehe, wakati hakuna ukungu, macho yanafika mbali. Bukavu inapokaribia, mji unaonekana kama mkono uliotiwa ndani ya maji, sababu umejengwa juu ya rasi tano.

Jua likianza kushuka, wavuvi wa sambaza wanatoka. Mitumbwi yao mitatu imefungwa pamoja, na miti mirefu mbele na nyuma kama masharubu ya kambale. Wanapiga kasia huku wanaimba, mmoja anatangulia, wengine wanaitika. Usiku taa zao zinavuta samaki na ziwa linafanana na mji. Wazee wanaweza kuwaambia watoto habari hii: sambaza si mzaliwa wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, na leo analisha maelfu ya familia.

Ndani ya boti kubwa, karata na mchezo wa dame vinafupisha masaa. Watoto wapewe kazi ya kuhesabu visiwa ao mitumbwi. Mtoto mwenye kazi hakimbii ku ukingo. Muziki ni mzuri, lakini usifunike sauti ya kapita anapotoa tangazo. Na pombe ingoje bandari: mlevi hawezi kujifunga jile, wala kumshika mtoto wake.

Kwa wale wanaosikia kichefuchefu, dawa ya kwanza ni kukaa katikati ya boti, ambapo haichezi sana, na kutazama mbali, hapana ku simu. Tangawizi na mkate mkavu vinasaidia. Anayetaka vidonge aulize muuguzi mbele ya safari, zaidi mama mwenye mimba.

Kama hatari inatokea

Kila mmoja avae jile na kuifunga, mkubwa kwanza kisha mtoto, haraka. Kukimbilia upande mmoja hapana. Viatu vizito vivuliwe, mizigo iachwe. Aliye ndani ya chumba atoke mbele ya boti kulala, sababu jile inaweza kumbana mtu chini ya dari. Ndani ya maji, watu washikane, wabaki pamoja, na kushika kitu kinachoelea: bido, ubao, mpira. Kuogelea kuelekea ufuko unaoonekana karibu kunamaliza nguvu za wengi. Macho yanadanganya juu ya maji.

Kisha kushuka

Wanaopenda kukaa ku ufuko, zaidi upande wa Goma na Sake, wakumbuke mazuku, ile hewa mbaya inayotoka chini ya udongo na kulala ndani ya mabonde na mashimo. Haionekani. Watoto wanaifikia kwanza sababu ni wafupi. Njia nzuri ni kuuliza wenyeji wa hapo wapi watu wanaogelea kila siku, na kufuata maneno yao.

Mwisho, ujumbe mmoja ku simu: "Tumefika." Aliyebaki nyumbani na jina la boti kichwani anangoja neno hilo moja tu ili alale.