Maji ya Bahari au Maji ya Mto? Tulivyochagua Sanduku la Samaki la Watoto Wetu



Jambo hili lilianza darasani. Siku moja, katika somo la viumbe vya majini, tulichora samaki ubaoni, tukaandika majina ya viungo vyake: mapezi, magamba, mashavu. Mtoto mmoja akanyanyua mkono: "Madamu, samaki anapumua namna gani ndani ya maji?" Tukaeleza kama tulivyosoma. Kisha tukauliza: nani hapa amewahi kuona samaki akipumua? Darasa lote likanyamaza.

Tulishangaa, halafu tukaelewa. Watoto wetu wanakaa kando ya Lualaba, lakini maji ya mto yamejaa udongo, hayaonyeshi kitu. Samaki wanamjua akiwa ndani ya beseni la muuzaji, akiwa juu ya moshi, au akiwa kwenye sahani pembeni ya bukari. Samaki mzima, mwenye kuishi, hawamjui.

Tulipeleka habari hiyo kwenye mkutano wa kikundi. Katika likelemba yetu kuna fungu dogo tunaloweka kwa ajili ya masomo ya watoto. Mama wote walikubali tutengeneze sanduku la kioo la kufugia samaki, lile linaloitwa akwariamu. Ubishi ulikuja tulipouliza: maji gani?

Mama mmoja alikuwa na video katika simu yake, iliyotumwa na mdogo wake anayefanya kazi Dubai. Ilionyesha sanduku kubwa la maji ya bahari: samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wengine wa manjano, na matumbawe yanayofanana na maua. Nusu ya mkutano ilisema: "Hilo ndilo tunataka. Samaki wa mto watoto wanawala kila siku, watajifunza nini kwao?" Neno hilo lilikuwa na uzito, na hatukulipuuza. Tulijipa wiki mbili. Mama wengine waliulizia vitu na bei, sisi walimu tukasoma. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Bahari ndani ya nyumba inataka nini

Kwanza tulipiga hesabu pamoja na watoto. Fundi wa vioo alituambia anaweza kutengeneza sanduku lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Zidisha: ni lita 54. Tukiacha nafasi juu, tunabaki na lita 50 hivi.

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita. Kwa lita 50, hiyo ni kilo moja na robo tatu. Na si chumvi ya jikoni. Chumvi ya jikoni ni aina moja tu, nayo mara nyingi imetiwa iodini. Ndani ya bahari kuna pia kalisiamu, magnesiamu na madini mengine mengi, na wanyama wa bahari wanayahitaji yote kwa kipimo chake. Chumvi ya namna hiyo hutengenezwa viwandani na kuuzwa kwa mifuko. Hapa Kabalo hakuna anayeiuza. Bahari yenyewe iko mbali: ukienda magharibi hadi Muanda au mashariki hadi Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita elfu moja kila upande.

Tena kazi ya chumvi haiishi siku ya kwanza. Kila wiki mtu hutoa sehemu ya maji machafu na kutia mengine, kwa hiyo chumvi inanunuliwa daima. Na joto letu mnalijua. Maji yanapokauka kidogo kidogo, chumvi haiondoki nayo, inabaki. Usipoongeza maji yasiyo na chumvi kila siku, samaki anajikuta ndani ya maji makali kuliko jana.

Jambo la pili ni umeme. Sanduku la bahari linataka pampu inayozungusha maji usiku na mchana, na matumbawe yanataka taa kali na maji yasiyopita joto la digrii 26 au 27 kwa muda mrefu. Maji yakizidi joto, matumbawe hupauka na kufa. Kwetu sisi, wenye jenereta tunaifunga jioni mafuta yanapokwisha, na wenye pano ya jua tunahesabu kila taa. Usiku mmoja bila pampu unaweza kuua vyote.

Jambo la tatu ni asili ya samaki wenyewe. Wengi wa samaki wa bahari wanaouzwa kwa mapambo huvuliwa kwenye miamba ya matumbawe, kwa mfano katika pwani ya Kenya, kisha husafirishwa ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji na hewa. Safari ya kuwafikisha Kabalo, kwa ndege na kisha kwa treni au barabara, ingewamaliza njiani.

Hatusemi sanduku la bahari ni baya. Mwenye umeme wa uhakika, duka karibu na fedha ya kila mwezi anaweza kulifuga vizuri. Tunasema tu kwamba halikai kwetu.

Mto ndani ya kioo

Sanduku la maji yasiyo na chumvi, lenye mimea, hufanya kazi kwa njia nyingine. Majani yanayoota chini ya maji yanapopata mwanga huvuta ile hewa chafu ambayo samaki anaitoa, na kurudisha oksijeni. Mizizi na majani hula uchafu wa samaki kama vile bustani inavyokula mbolea. Ukiwa na majani mengi na samaki wachache, unaweza kukaa bila pampu kabisa. Mwanga wa dirisha unatosha, ilimradi jua lisipige kioo moja kwa moja, maana maji yatapata joto kupita kiasi na kuota ukungu wa kijani.

Mimea hiyo haiko mbali. Katika maji yaliyotulia kuna majani laini kama manyoya yanayoelea bila mizizi. Wataalamu huyaita Ceratophyllum. Kuna mengine marefu kama utepe. Kuna pia yale yanayoelea juu yakifanana na shu changa, yenye mizizi inayoning'inia, ambamo vitoto vya samaki hujificha.

Kwa samaki, chagua wadogo wasiopita urefu wa kidole hata wakikomaa. Kambale na tilapia tuwaachie bwawa. Kambale atawala wenzake, na tilapia atang'oa na kula majani yote.

Wazungu wanatafuta maji yetu

Katika kusoma tulikuta jambo lililotuliza ubishi. Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika katika nyumba zao, na wanawalipia fedha nyingi. Ziwa letu, lenye kina cha mita 1,470 hivi, lina zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo wa tilapia, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Kuna samaki mkubwa wa rangi ya buluu mwenye nundu kichwani ambaye wafugaji wa nchi za mbali wanamwita "Moba", kwa jina la Moba yetu hii hii.

Maji ya ziwa yana madini mengi kuliko maji ya mito mingi. Basi watu hao hutia magadi na chumvi za madini katika maji ya bomba ili yafanane na ya Kalemie! Sisi tulikuwa tunatafuta namna ya kutengeneza bahari ya Dubai, kumbe wengine wanahangaika kutengeneza ziwa letu.

Mama waliofuata habari za samaki hao walicheka na kustaajabu. Kuna mmoja mdogo, hafiki sentimita 5, ambaye nyumba yake ni kombe tupu la konokono. Kila jike ana kombe lake, hutaga ndani na kulinda mlangoni. Kuna mwingine, Tropheus, ambaye mama yake hubeba mayai na watoto kinywani karibu mwezi mzima. Hata tilapia wengi tunaowapika hubeba watoto kinywani. Mama mmoja alisema: "Na sisi tunalalamika kubeba mgongoni!"

Ziwa lilisumbua hata wataalamu kuhusu bahari. Mwingereza J. E. S. Moore aliona katika Tanganyika konokono wanaofanana na wa bahari, pamoja na kiwavi-maji laini kama utando, anayefanana na wale wa baharini. Katika kitabu chake cha mwaka 1903 alidai ziwa lilikuwa zamani sehemu ya bahari. Uchunguzi uliofuata ulionyesha sivyo: konokono hao walibadilika humo humo ziwani kwa mamilioni ya miaka. Maji ya ziwa hilo hutoka kwa mto Lukuga na kuingia Lualaba karibu na hapa kwetu. Kwa hiyo tulipopiga kura, mto ulishinda.

Neno moja kwa wasomaji wetu wa Kalemie: ninyi mnaweza kuweka sanduku la ziwa, lenye mawe, mchanga na makombe, kwa maji ya ziwa lenyewe. Lakini msichanganye. Samaki wa ziwa hafurahii maji ya mto mdogo, wala wa kijito hafurahii maji ya ziwa.

Kosa letu

Hapa inabidi tuseme ukweli. Sanduku lilipokuwa tayari, watoto walikuwa na haraka, na sisi pia. Tuliweka mchanga, majani, maji na samaki kumi na watano siku ile ile. Watoto wakawatupia makombo ya mkate kila saa ya mapumziko. Siku ya nne asubuhi tulikuta kumi na mmoja wakielea.

Yule mtoto aliyeuliza swali la kwanza alisimama mbele ya kioo akasema: "Madamu, tumewaua?" Tulijibu: ndiyo, sisi wakubwa ndio tuliokosea, na sasa tutatafuta sababu pamoja.

Sababu ni hii. Mkojo na choo cha samaki, pamoja na chakula kilichooza, hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika mto kuna vijidudu vyema visivyoonekana kwa macho, vinavyokaa juu ya mawe na mchanga na kugeuza sumu hiyo kuwa mbolea ya majani. Katika sanduku jipya vijidudu hivyo bado havijazaliana. Vinahitaji wiki tatu hadi sita.

Safari ya pili tulingoja. Mwezi mzima watoto walitazama sanduku lisilo na samaki wapya, wakipima majani kwa rula. Kisha tukaongeza samaki wawili, na baada ya wiki mbili wengine wawili. Hao wako hai mpaka leo.

Ukitaka kuanza nyumbani

1. Tafuta meza imara. Lita 50 za maji ni kilo 50, bado kioo na mchanga.
2. Osha mchanga wa mto mpaka maji yawe meupe. Usitumie sabuni.
3. Maji ya bomba yenye dawa, yaache ndani ya ndoo wazi siku moja au mbili.
4. Panda majani kwanza, mengi. Ngoja mwezi.
5. Weka samaki wachache, wadogo. Wakija juu kuvuta hewa alfajiri, wamezidi: usiku majani nayo hutumia oksijeni.
6. Lisha mara moja kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili.
7. Kila wiki toa robo ya maji, tia mapya. Yale ya zamani mwagia lengalenga, zinayapenda sana.

Usalama wa watoto

Maji ya sanduku si ya kunywa wala ya kuosha vyombo. Mkoa wetu unajua kipindupindu: mtoto akigusa maji hayo, anawe mikono kwa sabuni. Funika juu kwa kipande cha chandarua, mbu wasitage na mtoto mdogo asiinamie ndani.

Na tafadhali, majani na samaki mliowapata mbali msiwamwage mtoni. Gugu maji lenye ua zuri la zambarau lilitoka Amerika ya Kusini likiwa pambo. Leo linaziba mito na bandari katika Afrika, Kongo ikiwa mojawapo. Majani yaliyozidi, yakausheni juani, yawe mbolea.

Sasa darasani kuna zamu. Mtoto anakaa mbele ya kioo na saa, anahesabu mara ngapi mashavu ya samaki yanafunguka kwa dakika moja, asubuhi na mchana, kisha anaandika. Wamegundua wenyewe kwamba maji yakipata joto, samaki anapumua haraka zaidi. Hilo halikuwamo katika somo letu la ubaoni. Na mama wa ile video ya Dubai ndiye anayeleta bidoni la maji mapya kila Alhamisi. Amemtumia mdogo wake picha.

Majani yetu yameongezeka mpaka tunayapunguza. Kikundi kinachotaka mbegu kije na ndoo siku ya mkutano, mtapewa bure.