Mtihani wa Msimamizi wa Seva: Kukariri Hakutoshi

Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine: hutunza mafaili, hupokea barua, na hutoa kurasa za intaneti kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Kosa la msimamizi wake haliishii mezani pake. Humfikia kila mtu ambaye habari zake zimehifadhiwa humo. Kwa hiyo imewekwa mitihani ya kupima ujuzi wa wanaotaka kukabidhiwa kazi hiyo.

Miongoni mwa vyeti vya ngazi ya kwanza ni LPIC-1, kitolewacho na Linux Professional Institute, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1999. Mtihani wake wahusu Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao kiini chake kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Katika toleo la 5.0, lililotolewa mwaka 2018, mtahiniwa hufanya karatasi mbili, kila moja ikiwa na maswali 60 ya kujibiwa kwa dakika 90. Alama huanzia 200 hadi 800, na apataye 500 amefaulu. Maswali mengine humpa majibu ya kuchagua. Mengine humtaka aandike jibu mwenyewe.

Kwa kuwa kila swali lina dakika moja na nusu tu, mtahiniwa aweza kushawishika kukariri. Mfano mmoja watosha kuonyesha hatari ya njia hiyo.

Katika Linux kila faili huwekewa ruhusa kwa watu wa aina tatu: mwenye faili, kundi lake, na wengine wote. Ruhusa zenyewe ni tatu: kusoma, yenye thamani ya 4, kuandika, 2, na kutekeleza, yaani kuliendesha faili kama programu, 1. Thamani hizo hujumlishwa. Hivyo 640 maana yake ni kwamba mwenye faili asoma na kuandika (4 + 2), kundi lasoma tu (4), na wengine hawana ruhusa yoyote (0). Namba hizo hazikuchaguliwa ovyo. Ni vipeo vya 2, na kila jumla kutoka 0 hadi 7 hupatikana kwa njia moja tu. Kama zingalikuwa 1, 2 na 3, jumla ya 3 ingalikuwa na maana mbili.

Sasa lije swali: faili jipya huanza na ruhusa 666, na amri ya umask imewekwa 027. Je, litabaki na ruhusa zipi? Aliyekariri kwamba namba ya pili hutolewa katika ya kwanza atakwama, maana 6 haitoshi kutoa 7. Akikopa, kwa hesabu ya msingi wa nane, atapata 637, yaani wengine wote wawe na ruhusa zote. Aliyeelewa ajua kwamba umask haitoi hesabu, bali huzima ruhusa zilizotajwa. Kundi likinyimwa kuandika, labaki na 4. Wengine wakinyimwa yote, wabaki na 0. Ruhusa ya kutekeleza hawakuwa nayo tangu awali, basi hapana cha kuzima. Jibu ni 640.

Tofauti hiyo si ya alama moja ya mtihani. Faili la matokeo ya wanafunzi likiachwa na 666, mtu yeyote mwenye akaunti katika seva, akiweza kulifikia, aweza pia kubadili alama zilizomo.

Mazoezi hayahitaji gharama kubwa. Linux hupatikana bure, na kompyuta kuukuu ya shule yaweza kufaa. Waundwe watumiaji wawili. Mmoja aandike faili, wa pili ajaribu kulisoma na kulibadili, huku ruhusa zikigeuzwa kwa amri ya chmod. Kila mara mwanafunzi aandike daftarini matokeo anayoyatarajia, kisha ayalinganishe na yatokeayo. Yafaa jaribio lisifanywe kwa akaunti ya msimamizi mkuu, iitwayo root, kwani hiyo haizuiwi na ruhusa za kusoma na kuandika.

Cheti cha LPIC-1 hudumu miaka 5, kisha hapana budi mwenyewe athibitishe tena ujuzi wake. Lakini seva haingoji miaka 5: humtahini msimamizi wake kila siku, tena bila kumpa majibu ya kuchagua.